Mkanda Juu ya Tumbo la Mama

Tarehe 9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini unaposoma hapa umeshavua viatu na kuweka miguu juu ya stuli, na kwamba haijaanza tena kuvimba. Mimi mzima, isipokuwa mafua ya kiyoyozi. Mama hajambo? Mgongo wake je? Kwenye simu ananiambia "naendelea," na unajua mama akisema anaendelea maana yake hataki kuulizwa.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu ya hapo nyumbani ni ya mama. Nikipiga anapokea yeye, anaongea yeye, anakata yeye. Wewe nakusikia kwa mbali ukigonganisha sufuria. Barua angalau utaisoma mwenyewe.

Basi, mafunzo. Kwenye eksirei, kama ulivyonifundisha, mwanga unapita mwili mzima na kila kitu kinaangukia filamu moja: mbavu, moyo, vifungo vya shati. Huku kwenye mashine ya sumaku sivyo. Huku unachagua. Mgonjwa yumo ndani ya sumaku mzima mzima, lakini mashine inaifanya sumaku iwe na nguvu kidogo zaidi upande wa kichwa kuliko upande wa miguu, kwa hiyo kila tabaka la mwili linapata mlio wake. Ukituma mlio wa kiuno, kinaitika kiuno. Kichwa na magoti vinakaa kimya. Ni kama kuita jina kwenye foleni ya kliniki: wamekaa watu hamsini, anainuka mmoja. Tabaka unaweza kulilaza, kulisimamisha au kulipinda. Ni wewe tu unavyotaka.

Mwalimu wetu ni mama mmoja mfupi, mkali, anayekunywa maji ya moto matupu. Juzi alisimama nyuma yangu, akatazama nilivyopanga matabaka ya goti, akawaambia wenzangu wote kumi na mmoja, "Huyu ana jicho." Nilitamani ungekuwepo usikie.

Najua nafasi hii na wewe uliiomba. Sijui niseme nini hapo. Nisalimie mama, na usichoke kuniandikia.

Mdogo wako.


Tarehe 27 Februari

Kitinda,

Marahaba. Sisi wazima. Miguu inavimba kama kawaida yake, asante kwa kuikumbuka. Mama anasema ule vizuri, uvae soksi, na kwamba anakuombea kila siku. Mimi hajaniambia nivae soksi tangu nikiwa darasa la tatu.

Ulidhani barua nitaisoma mwenyewe. Pole. Bahasha ilifika nikiwa kazini. Mama akaifungua, akavaa miwani, akaisoma yote kwa sauti mbele ya jirani yetu na yule fundi cherehani wa kona. Nimerudi nyumbani nimekuta watu watatu sebuleni wanaoijua sumaku kuliko mimi. Fundi cherehani akanitazama, akauliza, "Kwani wewe jicho huna?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaenda jikoni kugonganisha hizo sufuria unazozisikia. Kuanzia sasa barua zako zitume hospitalini, mlango wa eksirei.

Nimefurahi kwa sifa zako. Nimesema nimefurahi, na nitaendelea kusema mpaka iwe kweli. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye chumba kile. Nimepiga vifua mpaka nikifumba macho naona mbavu. Ulipokuja kuanza kazi hukujua hata kugeuza kiwiko cha mgonjwa bila kumuumiza, ni mimi niliyekushika mkono. Halafu nafasi moja inatoka, tunajaza fomu wawili, na mkuu wa idara ananiita pembeni: "Wewe tunakuhitaji hapa." Ukihitajika sana hufiki popote. Basi nina wivu, Kitinda. Nimeliandika, usinilazimishe kulisema tena.

Sasa sikia na ya kwangu. Hospitali yetu nayo inaletewa mashine ya sumaku. Si kubwa kama ya kwenu, lakini ni sumaku. Fundi wa kampuni atakaa siku kumi kufundisha, na mkuu ameshanitaja kuwa ndimi nitakayeshika chumba. Mimi. Kwa hiyo usije ukafikiri utarudi na cheti chako ukikute kiti kitupu kinakungoja.

Siku kumi ni chache, najua. Wagonjwa wetu wengi ni wa mgongo. Hebu niandikie mgongo unapigwaje, hatua kwa hatua. Imenichukua siku tatu kuandika sentensi hiyo, kwa hiyo usijifanye hujaiona.

Dada yako.


Tarehe 15 Machi

Dada,

Shikamoo. Habari za hapo? Miguu je, umepata muda wa kukaa chini? Mafua yangu yamekwisha na mengine yameanza. Hongera sana kwa mashine. Nilipoisoma habari hiyo niliruka. Baadaye nilikaa nikaisoma tena, na sitakuficha, mara ya pili sikuruka. Nilipokuja huku mkuu alinipa mkono akasema, "Ukirudi, chumba ni chako." Huenda alimwambia kila mtu hivyo.

Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi wewe ndiye unayemkanda mgongo kila jioni, na kwamba una mikono mizuri kuliko yangu. Zamani alikuwa hataki kuguswa na mtu ila mimi. Umeona? Na mimi wivu ninao, si wewe peke yako.

Haya, mgongo. Mlaze chali, mto chini ya magoti. Piga kwanza zile picha tatu za haraka za kutafutia. Zina ukungu, kazi yake ni kukuonyesha tu mwili umekaaje. Halafu panga matabaka ya kusimama, kuanzia ubavu mmoja wa uti hadi wa pili, kumi na tatu yanatosha. Kisha ya kulala, na kila moja lifuate mwinamo wa diski yake, usilaze kama rafu za duka.

Adui wa picha ya mgongo ni tumbo. Mgonjwa anapumua, utumbo unacheza, na ule mshipa mkubwa wa damu unaoshuka mbele ya uti unapiga bila kupumzika. Mitikisiko hiyo inarudi kwenye picha kama vivuli na kuchafua uti wote. Dawa yake ni mkanda wa kunyamazisha. Ni tabaka nene unalolichagua mbele ya uti, juu ya tumbo. Mashine inaliita kwanza kwa ukali mpaka linaishiwa sauti. Halafu ukiuita mgongo, unaitika peke yake. Kwenye picha tumbo linabaki jeusi na mgongo unatoka safi kabisa. Ubandike mkanda karibu na uti kadiri unavyoweza.

Fanya hivyo na daktari wa mifupa atakupenda.

Mdogo wako.


Tarehe 20 Mei

Mtoto wa mwisho wa mama yangu,

Marahaba, najua umeamkia. Unaendeleaje na mafua yako ya kizungu? Huku wote wazima, na mimi ni zaidi ya mzima.

Mashine imekaa, Kitinda. Walivunja ukuta wa stoo ya mashuka kuiingiza. Inagonga kama mtu anayepigilia misumari ndani ya pipa, na tumeshaibatiza Bi Harusi, kwa sababu haingii mtu chumbani kwake kabla ya kuvua kila kitu chenye chuma. Mlinzi wetu mkanda wake ulivutwa mlangoni akakimbia ameshika suruali. Fundi wa kampuni alikaa siku saba badala ya kumi, akaondoka. Tangu hapo niko peke yangu na Bi Harusi wangu.

Mkanda wako nimeutumia. Sitakunyima sifa, unafanya kazi. Daktari wa mifupa alitoka na picha zangu akaenda kuzionyesha wodini. Msoma picha anatujia mara moja kwa mwezi na mwezi huu hakuja, kwa hiyo ninachompa daktari ndicho anachokisoma. Juzi aliniita "mtaalamu" mbele ya mkuu. Mkuu akaitikia kwa kichwa. Nilitembea siku nzima na miguu haikuvimba.

Sasa la mama. Mgongo ulizidi mwanzoni mwa mwezi. Akawa anaamka ameshika kiuno, hawezi kuinama kufunga kandambili, na ukimkanda anasema maumivu yako ndani zaidi, hayafikiwi na mkono. Nikampeleka kwa daktari wa mifupa, akaandika mgongo upigwe picha, na nikampiga mimi mwenyewe. Kutoa vibanio kwenye nywele zake ilikuwa robo saa. Alikuwa anaapa vimekwisha, kinatoka kingine. Nilipomsukuma ndani akasema nimfunike vizuri, na kengele ya kuniitia akaishika kwa mikono miwili. Dakika ishirini na tano hakutikisika.

Picha zilitoka safi. Diski ya nne na ya tano zimechakaa, umri huo. Daktari amempa dawa na mazoezi. Mama nilimkalisha mbele ya kioo nikamwonyesha uti wake wote, pingili kwa pingili. Alitazama muda mrefu sana. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, leo atasema. Akasema, "Na Kitinda naye anaweza hivi?"

Nakuwekea sidii ya picha hizo kwenye bahasha. Mwonyeshe huyo Mwalimu wako wa maji ya moto. Aone kwamba jicho halikuwekwa kwa mtu mmoja tu katika familia hii.

Dada yako, mkuu wa chumba cha sumaku.


Tarehe 2 Juni

Dada,

Shikamoo. Leo siulizi habari za miguu, unisamehe. Barua hii nimempa dereva wa gari la sampuli, anafika kwenu leo hii mchana na kesho asubuhi anarudi. Jana tulipoongea kwa simu ya hospitali ulikata kabla sijamaliza, na tangu hapo nimepiga mara kumi na moja. Mama nisimpigie, nitamtisha bure, na nikimpigia atanijua sauti.

Tafadhali isome barua hii hadi mwisho ndipo ukasirike.

Picha zako ni nzuri. Sisemi hivyo kukupaka mafuta. Matabaka yamekaa sawasawa, mimi mwenyewe nisingepanga vizuri zaidi. Mkanda umeubandika karibu na uti kama nilivyokuandikia, na tumbo lote la mama ni jeusi. Lakini tazama tabaka la saba, mbele ya pingili ya tatu, pale ukingo wa mkanda unapoishia. Kuna kitu kinatokeza nyuma ya weusi, mviringo mdogo kama ncha ya yai. Katika tabaka la nane kipo tena. Katika la tisa kinapotea. Mshipa mkubwa unapita mbele ya hapo, na hautakiwi kufika pale. Nafikiri umevimba, Dada. Nafikiri sehemu iliyobaki ya uvimbe imo ndani ya mkanda na hatuioni, kwa sababu tumeinyamazisha.

Maumivu yaliyo ndani zaidi, yasiyofikiwa na mkono. Uliandika mwenyewe. Mshipa wa namna hiyo ukipasuka hakuna anayewahi hospitali, hata akiwa anaishi na mfanyakazi wa hospitali.

Mrudishe kwenye mashine leo. Ondoa mkanda, piga picha moja pana ya kulala juu ya kitovu. Ni dakika nne tu. Hayo mazoezi asiyafanye, na asinyanyue hata ndoo. Ikifika Ijumaa hujampiga, nitampigia mkuu wa idara. Sitaki, lakini nitampigia.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Juni, jioni

Wewe,

Salamu sina. Dereva amesema analala hapa na kesho asubuhi anaondoka, kwa hiyo naandika haraka.

Nilijua. Nilipoiweka ile sidii kwenye bahasha nilijua utatafuta kitu. Nikakaa nikijiuliza atasema nini, matabaka manene, mgonjwa amelala upande, nini. Sikufikiri utatumia mwili wa mama.

Niliombwa mgongo, nimepiga mgongo. Daktari mwenye shahada mbili ameusoma akaridhika. Wewe unaona ncha ya yai. Mwezi ujao unamaliza mafunzo na huku kiti kina mtu, na ghafla mtu huyo hajui kazi. Ungekuwa mimi ungefikiri nini? Tangu ulipozaliwa kila nilichoshika unakitaka. Nikipata gauni, unalilia. Nikipata kazi, na wewe unaitaka kazi hiyohiyo, na unaipata kwa mgongo wangu. Mama nimemuogesha, nimemkanda, nimemsikiliza akitaja jina lako mpaka masikio yameota sugu, na ninapofanya jambo moja, moja tu, unataka niambiwe nilikosea, tena juu ya mama mwenyewe.

Na kama kuna kosa, ni la nani? Barua yako ya Machi ninayo hapa mezani. Nimeisoma mara tatu. "Ubandike mkanda karibu na uti kadiri unavyoweza." Mwandiko wako. Hakuna mahali ulipoandika nitazame tumbo kwanza bila mkanda. Kama jambo hilo lipo, wewe na jicho lako mlikuwa wapi siku ile?

Mpigie mkuu. Mpigie na mkurugenzi. Mimi simlazi mama tena kwenye lile pipa ili wewe upate cheo.

Dada yako, upende usipende.


Tarehe 3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Dereva amenipa barua yako kwenye geti, na nimemwomba anisubiri nusu saa kabla hajageuza kurudi kwenu. Ameegesha chini ya dirisha na kila baada ya muda anapiga honi.

Umeniuliza nilikuwa wapi siku ile. Nilikuwa hapahapa, kwenye meza hii.

Jambo hilo lipo. Ni jambo la kwanza Mwalimu alilotufundisha kuhusu mkanda, na alitufanya tuliandike mara mbili: kabla hujanyamazisha kitu, piga picha moja pana isiyo na mkanda, uitazame mpaka pembeni kabisa, ujue unachokinyamazisha. Barua ya Machi niliiandika mara mbili pia. Ya kwanza ilikuwa na sentensi hiyo. Siku hiyohiyo mama akanipigia. Akaniambia una mikono mizuri kuliko yangu, akaniambia mkuu amekupa chumba, na akasema, "Sasa hata usiporudi haraka, dada yako yupo." Nilirudi mezani nikaichana barua. Nikaandika nyingine. Kila hatua niliiweka ila hiyo.

Sikutaka mtu aumie. Nilichotaka ni kidogo na kibaya. Nilitaka msoma picha aje siku moja akuulize, "Mbona hukupiga ya kwanza?" na wewe usijue. Nilitaka uniandikie tena kuniuliza. Nilitaka chumba kiwe chako lakini kazi ibaki yangu. Niliogopa kwamba nikikupa yote, utanipita, kwa sababu mikono unayo, subira unayo, na mama unaye. Nilikuwa na kitu kimoja tu usichokuwa nacho.

Mkuu sitampigia. Mwonyeshe barua hii badala yake. Ina mwandiko wangu na nimetia saini nyuma ya karatasi kwa jina langu kamili ili asiseme ni uzushi. Akiisoma hakuna hospitali itakayonipa chumba, na kiti chako hakitaguswa na mtu. Kiwe chako. Nichukie mimi, lakini mlaze mama. Dakika nne, Dada. Nakuomba kama nilivyokuomba unifunge kamba za viatu.

Dereva anapiga honi tena.

Mdogo wako.


Tarehe 26 Juni

Kitinda,

Najua umekaa siku ishirini na tatu bila neno langu, na simu ya mama haikupokelewa. Nilimwambia mkuu akipigiwa na wewe aseme "wapo," basi. Sikutaka kukusikia. Nilitaka ungoje.

Barua yako ilifika saa saba mchana. Saa nane mama alikuwa amelala kwenye mashine, ananiuliza mbona vibanio tena. Niliondoa mkanda. Picha ilipojitokeza kwenye kioo sikuhitaji kusogea karibu. Sentimita sita na nusu, Kitinda. Mshipa unaotakiwa uwe wa sentimita mbili. Umekaa mbele ya uti kama ngumi, na mimi nimeukanda kwa viganja hivi kila jioni tangu Februari. Nilitoka nikashika ukuta wa korido. Halafu nikarudi, nikampiga na matabaka mengine sita, nikayapima yote, maana nilitaka niwe na uhakika.

Walimpasua kesho yake, akakaa mezani kwa muda wa saa nne na nusu. Daktari mpasuaji alisema ukuta wa mshipa ulikuwa mwembamba kama karatasi ya barua, na kwamba wiki moja zaidi angekuwa anaongea na mimi mambo mengine. Mama yu hai. Ameketi. Jana amegombana na nesi kwa sababu ya chakula kisicho na chumvi, na daktari amegundua habari za sigara anazovuta chooni, kwa hiyo amenuna. Nadhani hizo zote ni dalili nzuri.

Sasa nisikilize.

Alipozinduka siku ya tatu, akawa anaweza kuongea, jambo la kwanza aliuliza, "Nani aliliona?" Mpasuaji alikuwepo, mkuu alikuwepo, nesi alikuwepo. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu ni mimi niliyeleta picha mbio, na sikuwa nimemwambia mtu wazo la kuzipiga limetoka wapi. Nikasema, "Mimi, Mama. Ni mimi niliyeliona."

Akanishika usoni. Kwa mikono yote miwili, na mipira ya dawa ikining'inia. Akasema, "Wewe." Basi, neno hilo tu. Nina miaka arobaini na minne na sikuwahi kutazamwa vile na mama yangu. Wewe umetazamwa vile tangu ulipozaliwa, kwa hiyo labda hujui ninachokizungumzia.

Ulinipa ukweli wako, nakupa wangu. Nilidanganya. Ulikwishaliona wewe, kutoka mbali, kwenye picha niliyokutumia kwa majivuno. Barua yako ya tatu Juni sijamwonyesha mtu, na siyo kwa wema. Nikiionyesha, itajulikana nani aliliona.

Sijakusamehe ile sentensi. Najaribu, asubuhi naweza, jioni siwezi. Mama atatoka wodini Jumatatu na atakupigia simu mwenyewe. Ukitaka kumwambia, mwambie. Ni haki yako, sitajitetea wala sitakuita mwongo. Naandika haya ili usije ukasema sikukupa nafasi.

Dada yako.


Tarehe 5 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta umekaa. Mimi mzima. Nililia sana nilipoisoma barua yako, kwanza kwa ajili ya mama, halafu kwa hasira juu yako, na mwishoni sikujua tena nalia nini. Mwalimu aliniletea kikombe chake cha maji ya moto. Ni mabaya kama nilivyodhani.

Mama amepiga jana. Sauti yake bado nyembamba lakini maneno ni yaleyale mengi. Dakika ishirini alikuwa anakusifu. Jinsi ulivyomrudisha kwenye mashine bila kuambiwa na mtu, jinsi ulivyomkimbilia mpasuaji, jinsi mkuu alivyosema hajawahi kuona. Amewasimulia jirani, fundi cherehani na wodi nzima. "Dada yako," anasema. "Dada yako huyu." Niliona wivu, Dada, nilisogeza simu mbali nisije nikasikika nikipumua. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Ni mimi, Mama. Mara tatu yalifika kwenye meno.

Ndipo akaniuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kuumiza, "Na wewe, Kitinda, ungeliona?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Mimi nisingeliona."

Akasema alijua. Halafu akaniuliza kama ninakula vizuri.

Mdogo wako.